Antena ya Baba

Uani kwa baba yangu, katika mtaa wa wafanyakazi wa zamani wa migodi hapa Kolwezi, pana mwembe mmoja mzee, na kando ya mwembe huo umesimama mlingoti wa chuma wenye vijiti vingi kama mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa. Hiyo ndiyo antena ya televisheni. Baba aliisimamisha kwa mikono yake mwenyewe mwaka 2004. Mimi ndiye niliyeishusha miaka mingi baadaye, nikidhani nafanya kazi ya mtu aliyesoma. Habari ya kushushwa kwake na ya kurudishwa kwake ndiyo nipendayo kuwasimulia leo. Naona nyumba nyingi za kwetu zi katika njia ile ile niliyoipita mimi, na yafaa mtu aliyejikwaa awaonyeshe wenzake jiwe lilipo.

Baba alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kuoshea madini, kile tukiitacho hapa konsantratere. Mwaka 2003 kampuni ya Gécamines iliwapa wafanyakazi wake nafasi ya kuondoka kwa hiari, nao zaidi ya 10,000 wakaondoka. Baba alikuwa mmoja wao. Fedha aliyoipata aliigawa mafungu matatu: la kwanza lilinunua mabati ya paa, la pili lililipa karo zetu, na la tatu, lililokuwa dogo kuliko yote, lilinunua televisheni.

Mama hakupendezwa. Alisema, "Je, tutapika picha?"

Baba akamjibu kwa upole, "Mama, mtu aliyeacha kazi huachwa na habari. Zamani nilipata habari langoni mwa kiwanda, asubuhi na jioni. Sasa nitazipata wapi?"

Basi televisheni ikaingia nyumbani. Ilikuwa ya kioo kinene, nzito hata watu wawili waliibeba kwa taabu. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka 14, nami nakumbuka jinsi majirani walivyokuja jioni, kila mtu na kigoda chake. Baba alikaa mbele, na habari zilipotangazwa kwa Kifaransa, yeye alizigeuza kwa Kiswahili, neno kwa neno, kwa ajili ya wazee na akina mama wasiojua lugha ile. Baada ya habari za taifa zilikuja habari za stesheni ndogo ya hapa hapa mjini: mtaa gani hauna maji, mtihani umetoka, mtoto fulani amepotea, na hasa matangazo ya vilio: nani amefariki, kilio kiko wapi, mazishi ni saa ngapi. Wakati wa matangazo hayo watu wote walinyamaza, hata watoto.

Picha yenyewe haikuwa nzuri. Mara nyingi ilijaa chembe nyeupe kama unga unaomwagika, na sauti ilikoroma. Desemba 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipocheza huko Abu Dhabi katika mashindano ya vilabu vya dunia, mimi nilisimama uani nikiushika mlingoti wa antena muda mrefu, kwa sababu kila nilipouachia picha ilitoweka. Watu ndani walipiga kelele: "Hapo hapo! Usijongee!" Mazembe ikaishinda Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0, na golikipa Kidiaba akarukaruka kwa makalio uwanjani kama desturi yake. Mimi sikumwona hata kidogo. Niliona mwembe na nyota tu. Lakini nilisikia furaha ya watu 40 katika sebule moja, na mpaka leo nasema nami niliutazama mchezo ule. Siku chache baadaye tukafungwa na Inter ya Milano mabao 3 kwa 0 katika fainali, nao wale wale 40 wakarudi kwao kimya, vigoda mikononi.

Babu yangu aliyaona mambo haya kabla yetu kwa namna nyingine. Alisimulia kwamba katika kambi za Union Minière, miaka ya 1950, shuka jeupe lilitundikwa usiku, mashine ikanguruma, na kambi nzima ikaketi chini kutazama sinema. Waliwacheka Matamata na Pilipili, wale wachekeshaji wa filamu za Padre Albert Van Haelst wa Kasai, hata wakashika mbavu. Mwaka 1966 televisheni ya taifa ilianza kule Kinshasa, na shuka likawa sanduku. Kwa hiyo mageuzi ya chombo si jambo jipya kwetu. Jambo la kuuliza kila mara ni hili: chombo kinapogeuka, watu wanaokizunguka hugeukaje?

Sasa tuseme juu ya mageuzi ya siku zetu, maana wengi wamesikia neno "dijitali" pasipo kuelezwa maana yake.

Mwaka 2006 nchi nyingi za Ulaya, za Afrika na za Mashariki ya Kati zilikutana Geneva, zikapatana kwamba matangazo ya televisheni ya namna ya zamani, yaitwayo ya analojia, yaachwe, na ya dijitali yachukue nafasi yake. Siku iliyowekwa ilikuwa Juni 17, 2015, na kwa baadhi ya nchi sehemu fulani ya masafa iliongezewa muda hadi Juni 17, 2020. Baada ya siku hiyo, nchi inayoendelea na analojia haina tena haki ya kulalamika ikiwa mitambo ya jirani inayaharibu matangazo yake. Mawimbi hayaombi ruhusa mpakani Kasumbalesa. Huvuka yapendavyo, ndiyo sababu patano la wote lilihitajiwa.

Nilipokwisha kuyasoma hayo, nilikwenda kumweleza baba. Nilimwambia kwamba katika analojia, chaneli moja hula njia nzima ya hewani peke yake. Katika dijitali, picha na sauti hugeuzwa kuwa hesabu, hesabu hizo hufinywa, yanayorudiwarudiwa huondolewa, na njia ile ile iliyobeba chaneli moja huweza kubeba chaneli 10 na zaidi. Njia zinazobaki wazi hupewa simu na intaneti.

Baba alisikiliza, kisha akasema, "Nimeelewa. Ni kazi yetu ya konsantratere. Jiwe la shaba likitoka mgodini lina udongo mwingi na shaba kidogo. Ukilipakia hivyo hivyo, gari moshi litajaa mawe. Sisi tulilisaga, tukaliosha, udongo tukaumwaga, na unga wenye shaba ndio uliosafiri. Behewa moja lilifanya kazi ya mabehewa mengi."

Nikamwambia, "Ndivyo hasa, Baba."

Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na kile kinachomwagwa?"

Sikulielewa swali lake siku ile. Nilidhani anazungumza juu ya kiwanda.

Majirani zetu walitutangulia. Tanzania bara, iliyoanza kuwa na televisheni mwaka 1994 tu, ilizima analojia katika Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, na miji mingine ikafuata kwa zamu. Wao husema king'amuzi au kisimbuzi, sisi husema dekoda. Ni kisanduku kile kile kinachozigeuza hesabu kuwa picha tena. Kenya ilipata msukosuko: Februari 2015 vituo vikubwa vya binafsi vilikaa karibu wiki tatu bila kuonekana, kwa sababu ya ugomvi juu ya nani awe na haki ya kurusha matangazo ya dijitali. Na hapa kwetu? Siku ya Juni 17, 2015 ilipita, na nchi yenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 2,300,000 haikuweza kumaliza kazi hiyo kwa siku moja. Basi kila nyumba imekuwa ikijitayarisha kwa namna yake, na penye watu wasioelezwa jambo, wauzaji ndio huwa walimu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili. Shemeji yangu ni dereva wa lori, hupeleka shaba hadi Dar es Salaam na kurudi na bidhaa. Siku moja alinipigia simu akiwa huko: "Shemeji, hapa pana visanduku vya dijitali vilivyotumika, bei rahisi sana. Nikuletee?" Nami, bila kuuliza swali hata moja, nikatuma fedha. Fedha yenyewe ilikuwa karo ya muhula ya binti yangu mkubwa aliyekuwa ameanza sekondari. Nilisema moyoni, "Nitairudisha mwisho wa mwezi."

Kisanduku kikaja. Tukakifunga, taa yake ikawaka, watoto wakapiga makofi. Kisha yakatokea maneno mawili ya Kiingereza, ambayo maana yake ni kwamba hakuna mawimbi. Tulijaribu siku tatu. Mwishowe fundi mmoja kijana akanieleza bila kunicheka, nami namshukuru kwa kutonicheka: kisanduku kile kilifungwa kwa kampuni moja tu ya nchi nyingine, kusoma mawimbi ya minara ya huko tu. Hapa Kolwezi kilikuwa sawa na ufunguo wa nyumba ya mtu wa mbali.

Mke wangu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Baba, na mtoto atakwenda shule na nini?" Swali hilo lilinichoma kuliko ugomvi. Kwa muhula ule mzima nilifundisha masomo ya jioni kwa watoto wa watu, hata nikamaliza deni. Nawaambia haya kwa aibu, maana mimi ni mwalimu, na mwalimu asiyeuliza ni mbaya kuliko mwanafunzi asiyejibu.

Mwaka uliofuata, nikiwa na akiba iliyopatikana kwa haki, nilinunua dishi la kupokea mawimbi ya setilaiti, ambalo wengi hapa huliita parabole, pamoja na dekoda yake. Baba alikuwa ameanza kudhoofika, nami nilitaka apate kuona vizuri. Muuzaji mmoja alikuwa amenihimiza niitupe televisheni ya kioo, ninunue mpya, ati ile ya zamani haiwezi dijitali. Sikumsadiki safari hii. Nikamwuliza yule fundi kijana, naye akanionyesha nyuma ya televisheni ya baba matundu matatu, jekundu, jeupe na la manjano. "Nyaya tatu tu, Mwalimu," akasema. Tukaziunga, na picha ikatokea, safi kama maji ya chemchemi. Baba akasogeza kiti, akatazama muda mrefu, akasema, "Kumbe watangazaji hawa wana makunyanzi!" Tukacheka sote.

Jioni ile ile, katika furaha yangu, nilipanda juu, nikaishusha antena ya mwaka 2004. Chuma chake nilikiegemeza ukutani nyuma ya jiko. Waya wake, ambao ndani una uzi wa shaba, nilimwuzia mnunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya mikate michache. Nilijiambia, "Mambo ya kale yamepita."

Sasa yasikieni yaliyotokea.

Baba alikuwa na rafiki yake, mtu wa Luilu, waliyefanya naye kazi zamu moja kwa miaka mingi. Mtu huyo ndiye aliyemshika baba mkono siku mashine ilipotaka kumvuta, na kovu lipo. Kila mwaka walitembeleana, na kadiri miguu ilivyochoka, wakatembeleana kwa nadra. Wiki chache baada ya antena kushushwa, yule mzee akafariki. Jamaa zake walikuwa na namba ya simu ya baba ya zamani, isiyofanya kazi tena. Basi wakafanya kama watu wetu wafanyavyo siku zote: wakalipa tangazo katika stesheni ndogo ya mjini. Likatangazwa jioni tatu mfululizo, kwa Kiswahili, jina la marehemu, majina ya watoto, mahali pa kilio, siku ya mazishi.

Jioni hizo tatu sisi tulikuwa tumeketi mbele ya picha nzuri. Tuliona theluji ya Ulaya. Tuliona mchezo wa mpira wa Hispania. Watoto waliona katuni. Chaneli zilikuwa nyingi, lakini stesheni ile ndogo haikuwamo, maana haina fedha ya kupanda mpaka kwenye setilaiti.

Jumatatu, baba alikutana sokoni na mzee mwingine wa zamu ile. Mzee huyo alimsalimu kwa ubaridi, akamwambia, "Hatukukuona kwenye kilio. Wengine waliuliza kama mliachana vibaya."

Ninyi mnaoishi kwetu mnajua uzito wa neno hilo. Kutoonekana kwenye kilio cha mtu aliyekushika mkono si jambo dogo. Watu hulipa maana, na maana yenyewe huwa mbaya. Baba alirudi nyumbani, akavaa koti lake la zamani, akaniambia nimpeleke Luilu kwa pikipiki ya kukodi. Tulimkuta mjane ameketi mkekani na ndugu wachache waliobaki. Baba aliketi chini, yeye ambaye magoti yake hayakunjiki vizuri, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, nisamehe. Jioni zile niliambiwa habari za Paris na za Beijing. Ya Luilu sikuambiwa."

Yule mama akamshika mkono, penye kovu. Hakuna aliyesema neno jingine. Mimi nilisimama mlangoni nikatazama viatu vyangu.

Njiani kurudi, baba hakunilaumu. Tulipofika chini ya mwembe ndipo aliposema, "Unakumbuka nilikuuliza juu ya kile kinachomwagwa? Miaka mingi kiwanda chetu kilimwaga matope yake Kingamyambo na katika bonde la Musonoi. Tuliyaita mabaki, wala hakuna aliyeyatazama mara mbili. Katika miaka hii wamekuja watu wenye mitambo mipya, wakayachota, wakatoa humo shaba na kobalti. Kumbe tulikuwa tukimwaga mali. Hatukuwa wajinga, mwanangu. Bei yake tu hatukuijua."

Kesho yake nilinunua waya mpya, ghali mara nyingi kuliko fedha niliyopata kwa ule wa zamani, nikaisimamisha antena tena. Tangu siku hiyo nyumba ya baba ina njia mbili. Dishi hutupa dunia, na antena hutupa mji wetu, pamoja na chembe zake nyeupe. Saa ya matangazo ya vilio inapofika, hakuna mtoto anayethubutu kushika rimoti.

Lakini, wasomaji, jambo halikuishia hapo. Antena ile inafaa kwa kadiri stesheni ndogo inavyorusha matangazo kwa namna ya zamani. Siku analojia itakapozimwa kabisa katika mji fulani, haitoshi nyumba kuwa na dekoda; hata stesheni lazima ipate nafasi katika mnara wa dijitali. Zamani kila stesheni ilikuwa na mlingoti wake na mtambo wake. Katika dijitali, kwa kawaida mwenye mnara huwa mmoja, naye hubeba chaneli nyingi kwa pamoja, na kila chaneli humlipa kodi ya nafasi yake. Stesheni kubwa ya Kinshasa inaweza kulipa. Stesheni ya mtaa, yenye kamera mbili na matangazo ya vilio, italipa nini? Hilo ndilo swali la baba, "na kile kinachomwagwa?", nami naona lafaa kuulizwa na wakuu wa mkoa wa Lualaba, na wabunge wetu, na wenye stesheni wenyewe, mapema, kabla mtambo haujazimwa. Watu wa Kolwezi wana haki ya kuzijua habari za dunia, na wana haki pia ya kujua jirani yao amekufa.

Baada ya kuyasema hayo, niruhusiwe kutoa mashauri machache kwa wenye nyumba, kama mtu aliyeyalipia.

Kwanza, usitupe televisheni ya kioo kwa neno la muuzaji. Tazama nyuma yake. Ikiwa ina matundu yale ya rangi tatu, yaelekea itafanya kazi na dekoda. Hata isipokuwa nayo, uliza fundi mwaminifu, maana ziko dekoda zinazoingia kwa tundu la antena. Na ikiwa imekufa kweli, usiwape watoto waivunje ili kutoa shaba iliyomo. Kioo chake kina risasi ndani yake, na risasi ni sumu kwa mwili wa mtoto.

Pili, kabla ya kutoa fedha, uliza maswali manne. Kisanduku hiki hupokea kwa dishi au kwa antena ya kawaida? Ikiwa ni cha antena, je, kinasoma namna iitwayo T2, ambayo nchi nyingi za Afrika zimeichagua? Je, kinalipiwa kila mwezi, na mwezi nisipolipa kitabaki na chaneli gani? Tena, je, minara yake inafika katika mtaa wangu? Ombeni kionyeshwe kikifanya kazi nyumbani mwenu, wala si dukani. Muuzaji akatae, nawe ukatae.

Tatu, fahamu kwamba dijitali haizoroti polepole. Analojia ikidhoofika, picha hujaa chembe, lakini sauti waisikia bado. Dijitali ni safi, au hukatika vipande vya mraba, au hakuna kabisa. Kwa hiyo dishi likisogezwa kidogo na upepo, usipige dekoda makofi. Panda ukalitazame dishi.

Nne, jilinde na umeme. Tuna mabwawa ya Nzilo na Nseke karibu nasi, juu ya mto Lualaba, hata hivyo umeme hukatika, na mara nyingi hurudi kwa nguvu ya kuunguza. Ukikatika, chomoa vyombo vyote ungoje kwanza. Na masika ya radi yakija, chomoa pia waya wa antena, kwa maana mlingoti mrefu huialika radi.

Tano, na hili ni shauri la mke wangu, itayarisheni nyumba kama mnavyoitayarisha televisheni. Chaneli ilipokuwa moja, tulitazama pamoja kwa sababu hatukuwa na la kuchagua. Zilipokuja nyingi, wiki ya kwanza watoto walipigana, ya pili tukakasirikiana, na ya tatu baba aliinuka jioni akaenda kulala mapema, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Ndipo mke wangu alipotwaa karatasi, akagawa jioni: saa ya masomo, hapo chombo kizimwe, saa ya watoto, saa ya habari, hapo babu ndiye mwenye rimoti. Karatasi hiyo imebandikwa ukutani. Haishikwi kila siku, nakiri, lakini anayeivunja anajua anavunja kitu.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema tuukatae msala mpya. Walisema tu kwamba mtu asiutupe mkeka wake mbovu kabla hajajua kama msala ule utakaa. Nchi yetu itamaliza siku moja safari hii ya dijitali, kama majirani walivyomaliza, na picha zitakuwa safi katika kila nyumba kutoka Dilala hadi Kapata. Nami nitafurahi. Lakini mpaka siku hiyo, na mpaka nitakapoisikia sauti ya stesheni yetu ndogo ikitoka katika dekoda kwa Kiswahili cha kwetu, mlingoti ule utakaa pale pale kando ya mwembe.

Jana jioni upepo uliuyumbisha. Baba akaita kutoka ndani, "Mwanangu, picha imepotea!" Nikatoka, nikaushika. "Hapo hapo," akasema baba, "usijongee." Walikuwa wanasoma majina.